Gramu Thelathini

Azumino, 7 Aprili 2019

Kwako Ryohei mwanangu,

Habari za huko Tokyo, mkeo hajambo? Mimi mdomo unasema sijambo, magoti yanasema yao. Theluji ya milimani imeanza kuchakaa, na mbwa wa jirani yangu Bi Otsuki kazaa watoto watano chini ya ghala langu, utadhani mimi ndiye mkunga wa mtaa. Binti yako Hinako ameanza shule? Mwambie bibi yake wa Azumino amemshonea kifuko cha penseli chenye sungura. Jicho moja la sungura limetoka kubwa, jingine dogo. Asinicheke, macho yangu yamechoka.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tumekuwa watu wa kusikilizana pumzi. Tangu tumzike Soichi hujanipigia ukavuka habari za mvua na jua. Nami sipigi, kwa hiyo silaumu.

Nina jambo. Mwezi wa tisa Soichi wangu anatimiza kumbukumbu ya mwaka wa tatu, kama tuhesabuvyo sisi, mwaka wa kifo ukiwa wa kwanza. Mtawa wa hekalu atasoma, ndugu watakula, watalia kidogo, wataangalia saa ya treni. Mimi sitakuwepo. Nitapanda mlimani Tsurunodaira, nilale usiku mmoja pale pale baridi ilipomuua mwanangu. Si ndani ya nyumba ya wapandaji. Ndani ya hema, chini.

Hema lake ninalo. Mfuko wake wa kulalia sina. Wewe ndiye uliyekwenda kuchukua vitu vyake polisi, na mfuko hukuuleta, wala sikukuuliza. Basi nichagulie mwingine, na kitu cha kutandika. Viwe vyepesi, viingie kwenye mkoba mdogo, na nisilale kama niko juu ya reli. Umeuza vitu hivyo miaka kumi na minane. Mtafutie na shangazi yako.

Achari ya majani nimekutumia makopo mawili, pamoja na kifuko cha Hinako.

Shangazi yako,
Fusae


Tokyo, 2 Mei 2019

Shikamoo shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Likizo ya mwaka huu ni ndefu mno, na duka letu la mtaa wa Kanda limegeuka soko la samaki, watu wanagombea majiko ya gesi. Sote wazima. Hinako analala na kile kifuko. Sungura amempa jina, anamwita Chongo. Achari imefika na kopo moja limekwisha.

Kuhusu ombi lako: hapana. Samahani, shangazi, lakini hapana. Una miaka sitini na nane, na kule ni siku mbili za kupanda. Nyumba ya wapandaji iko mwendo wa saa moja kutoka pale, ina magodoro makavu, jiko la kuni, wali wa mchuzi wa binzari. Kama ni lazima upande, lala huko, asubuhi uende ukachome ubani urudi. Soichi hatakuuliza ulilala wapi.

Halafu kulala chini si mchezo. Kila mteja anaingia kwangu akiuliza mfuko, mfuko, mfuko. Nawaambia godoro kwanza! Anayemwibia mtu joto ni ardhi. Manyoya ya bata yaliyo chini yako unayalalia, yanabonyea, yanakuwa kitambaa tu. Mtu ana mfuko wa bei mbaya, kalala juu ya kipande cha sponji, usiku kucha anatetemeka na asubuhi anautukana mfuko.

Sijui kwa nini nakueleza haya. Usiende.

Ryohei


Azumino, 6 Mei 2019

Ryohei,

Salamu kwa wote, na kwa Chongo pia. Hapa mashamba yametiwa maji, vyura wanapiga kelele mpaka redio haisikiki. Watoto wa mbwa wamefumbua macho.

Hapana yako nimeipokea, nimeiweka kabatini pamoja na hapana za daktari. Kila asubuhi nabeba mchele kilo tano mgongoni, nazunguka mashamba mara mbili. Jana Bi Otsuki kanipigia kelele toka kwenye dirisha lake, "Fusae, unamkimbia nani na mchele wa watu?" Nikamjibu, "Nakukimbia wewe na mbwa wako." Basi usiniambie habari za miaka. Nitakwenda. Usiponichagulia nitakwenda na blanketi la kitandani, ushindwe kulala wewe.

Nijibu haya. Mimi nalala ubavu, na nyonga ya kulia ikibanwa inawaka moto. Vitu hivyo vyembamba vina nafasi ya mtu kujigeuza? Vyote pamoja vina uzito gani? Na mfuko ukichafuka, unafuliwa kwa nini?

Fusae


Tokyo, 20 Juni 2019

Shikamoo shangazi,

Mvua za mwezi huu hazikatiki, nguo zinachachia kabatini. Hinako kang'oka jino la mbele na anataka kulipwa. Mimi nimepungua kidogo, lakini ni kazi tu.

Umeshinda. Nilikaa wiki sita nikingoja ubadili mawazo, nikasahau naongea na nani. Mzigo nimeutuma kwa posta, utafika kabla ya barua hii au baada.

Godoro ni la kupuliza kwa mdomo, unene wa vidole vinne, ndani lina utando unaorudisha joto. Ukijigeuza linalia kama mtu anatafuna chipsi, vumilia. Usilijaze sana! Watu hulijaza likawa gumu kama gurudumu la baiskeli, halafu wanasema nimewauzia ubao. Wewe wa ubavu, ukishalala fungua kizibo kidogo, hewa itoke mpaka nyonga izame, kisha funga. Nimekupa la urefu wote. Vijana wananunua la nusu, miguu wanailaza juu ya mkoba mtupu, ili kuokoa gramu. Wewe utalala kwenye refu.

Mfuko ni wa manyoya ya bata, mpana nyongani, una kofia. Ukifika tu kambini utoe kwenye kifuko chake cha kubebea, ukung'ute, uuache nusu saa uvimbe. Usingoje mpaka usikie baridi. Uko mwingine mwepesi kuliko huo kwa gramu mia mbili, na zamani ningekupa ule. Siuzi tena ule kwa mtu anayepanda vuli. Bosi ananuna, anune.

Mfuko gramu mia saba na ishirini, godoro mia nne na kumi, mto wa kupuliza sabini. Jumla kilo moja na gramu mia mbili. Paka wa mtaani ana uzito zaidi.

Kuhusu kufua, tumia sabuni yoyote uliyonayo, na kilainishi cha nguo ukitaka. Haidhuru.

Ryohei


Azumino, 29 Juni 2019

Ryohei mwanangu,

Mzigo umefika salama, asante sana. Watoto wa mbwa watatu wamepata kwao. Maboga yangu yameoza kwa mvua, usiyangojee.

Jana nilitandika kwenye chumba cha madhabahu, mbele ya picha ya Soichi. Nilipuliza lile godoro mpaka nikaona nyotanyota. Nikafungua kizibo kama ulivyosema, na kweli nyonga ikazama, ikatulia. Nikaingia ndani ya mfuko na kofia yake, nikamwambia Soichi, mwone mama yako, kawa kiwavi. Baada ya dakika kumi nilikuwa natoka jasho.

Neno moja. Miguuni, ndani ya mshono, pana lebo iliyokatwa. Imebaki ncha ya kitambaa upana wa nusu kidole, na mkasi wenyewe ulikuwa butu. Nimeshona lebo kiwandani miaka ishirini na sita, lebo naijua hata ikiwa maiti. Mbona imekatwa?

Fusae


Tokyo, 25 Julai 2019

Shikamoo shangazi,

Joto la huku halisemeki. Hinako anajifunza kuogelea, anameza maji nusu ya bwawa. Mke wangu anakusalimu, anasema ukija usilete chochote. Juzi duka liliharibikiwa na kiyoyozi, tukawa tunauza mifuko ya kulalia huku tunatiririka jasho, wateja wakacheka sana.

Nafurahi umelala vizuri. Ile lebo niliikata mimi, isikukwaruze shingo.

Nimefikiria, mwezi wa tisa nitaomba ruhusa nipande na wewe. Nitabeba kila kitu. Wewe utembee mikono mitupu.

Ryohei


Azumino, 17 Agosti 2019

Ryohei,

Hamjambo. Mimi nipo.

Siku za kuwapokea wafu zimekwisha jana. Nilimtengenezea Soichi farasi wa tango wa kumleta upesi. Ng'ombe wa bilinganya wa kumrudisha polepole sikumtengeneza. Dada wa marehemu mume wangu akauliza, "Ng'ombe yuko wapi?" Nikamwambia mabilinganya mwaka huu hayakuzaa. Yako pale nje, yamejaa. Abaki tu.

Sasa wewe. Shingo yangu haiko miguuni, Ryohei.

Wiki iliyopita nilipanda treni mpaka Matsumoto, nikaingia duka la vitu vya mlimani, nikamwomba binti wa pale anitolee mfuko kama wangu. Nikaugeuza ndani nje. Lebo ilikuwa nzima. Imeandikwa: usifue kwa sabuni ya nguo, usitumie kilainishi, manyoya yatashikana na kupoteza joto, kausha mpaka ndani kabisa. Niliisoma mara tatu. Yule binti akaniuliza, "Mama, nikuletee maji?"

Siku tatu kabla Soichi hajapanda niliutoa mfuko wake kabatini kwangu, alikokuwa akiuacha. Ulinuka jasho la kiangazi kizima. Nikaufua kwa sabuni ya nguo, nikatia kilainishi chenye harufu ya mrujuani, vifuniko viwili, mwanangu alale pazuri. Niliuanika siku mbili. Nje ulikuwa mkavu, ndani sikujua kama kuna ndani. Nikaushindilia kwenye kifuko chake cha kubebea. Sikumwambia, nilitaka aukute huko juu, aunuse, afurahi.

Alifika jioni kwa treni kutoka Nagoya, akapima vitu vyake vyote kwenye mizani yangu ya unga, kama ilivyo desturi yenu. "Mama, mfuko umeongezeka gramu thelathini! Mizani yako mbovu!" Tukacheka wote wawili. Yalikuwa maji, Ryohei. Mwanangu alibeba maji yangu ndani ya matandiko yake, nami nilisimama pale nikicheka.

Miaka miwili moyo umekuwa ukiniambia. Nilikuuliza habari ya kufua ili unitoe mashaka. Ungeniambia ukweli, ningejua kosa langu. Wewe ukasema haidhuru, nikamshukuru Mungu usiku kucha. Halafu nikaiona ile lebo.

Muuzaji wa miaka kumi na minane hawezi kusema kilainishi hakidhuru. Ulisema kwa sababu uliunusa ule mfuko. Ulijua tangu siku ile. Niambie, na usinihurumie. Huruma yako nimeiona, imekatwa kwa mkasi butu.

Wala usije. Nitapanda peke yangu.

Fusae


Tokyo, 1 Septemba 2019

Shangazi,

Tuko wazima.

Ndiyo, nilijua. Polisi alinipa vitu vyake kwenye mfuko mkubwa wa plastiki. Niliufungua pale pale kwenye maegesho, ikanijia harufu ya mrujuani. Nikaubonyeza mfuko wa kulalia, manyoya yote yalikuwa mabonge, kama mto uliosahaulika mvuani.

Ningeishia hapo ungeniona mtu mwema aliyekuficha. Sikukuficha kwa wema. Shangazi, niliponusa ule mrujuani nilifurahi.

Usiku ule, kabla hajapanda, Soichi alinipigia simu kutoka jikoni kwako. Aliuliza, "Kaka, huko juu wanasema huenda mvua ikageuka theluji. Nibebe ule mfuko mnene wa marehemu baba? Unazidi gramu mia nne." Nikamwambia, "Hizo ni gramu mia nne za woga. Ziache." Akacheka, akasema mizani ya mama imeongeza na gramu thelathini kwenye mfuko wake. Nikamwambia, "Mizani ya unga hiyo, bwana, lala."

Sisi tunakata mpini wa mswaki tuokoe gramu nne. Tunatoa lebo kwenye chupi. Maisha yangu yote ni gramu. Siku gramu thelathini zilipokuja zenyewe kubisha hodi, mimi, mimi mwenye kazi hiyo, nilizicheka. Manyoya yakiongezeka uzito ni maji. Hata mwanafunzi wa dukani kwangu wa wiki moja anajua.

Tangu walipomkuta mpaka nilipokwenda polisi zilipita siku nne, sikula kitu. Nilikuwa nasema, nimemuua mdogo wangu kwa mdomo. Halafu nikanusa mrujuani, nikasema moyoni, si mimi. Si mimi, ni shangazi. Nikaenda stesheni nikala tambi bakuli mbili, mwili wake bado uko hospitali.

Ndiyo sababu sikupigii simu. Kila nikisikia sauti yako nakumbuka ladha ya zile tambi.

Mfuko wake uko kabatini kwangu. Hinako anasema kabati la baba linanukia vizuri.

Sikuombi msamaha, sioni pa kuuweka. Ukirudi salama niandikie jambo moja tu, ulisikia baridi au hukusikia.

Ryohei


Azumino, 26 Septemba 2019

Kwako Ryohei,

Nimerudi juzi. Magoti yamevimba, Bi Otsuki ananiletea supu na maneno. Watoto wa mbwa wamekwisha wote ila mmoja, mlegevu, nimebaki naye. Ndugu wamekasirika sikuonekana hekaluni. Watapoa.

Nami nina langu la kukuambia. Ile simu niliisikia. Nilikuwa namenya figili pale pale jikoni, na sauti yako ni kubwa. "Gramu mia nne za woga, ziache." Niliisikia nikaendelea kumenya.

Miaka miwili nimekulaumu wewe. Moyoni palikuwa na ile shaka ya sabuni, na kila ilipoinua kichwa nilikuweka wewe juu yake. Ndicho kilichonipa nguvu ya kuamka na kupika wali. Nilipokuomba unichagulie mfuko nilitaka uchague tena, ujue unachagua kwa ajili ya nani. Ulikuwa ukatili, na niliufanya kwa kujua. Kwa hiyo usijione wewe peke yako uliyekula. Wewe bakuli mbili, mimi nimekula miaka miwili. Sasa chakula hicho kimekwisha na sina kingine.

Nilipanda kwa siku tatu badala ya mbili. Mzee wa nyumba ya wapandaji, yule aliyemkuta Soichi asubuhi ile, alinisindikiza mpaka pale. Akasema, "Mama, leo kutaganda. Rudi tulale ndani, magodoro yapo." Nikamwambia, "Nimeifuata hiyo hiyo baridi, baba." Akanionyesha mahali, karibu na jiwe moja tambarare, akanisaidia kamba za hema, akaondoka bila kugeuka.

Nilitandika godoro. Nikatoa mfuko, nikaukung'uta, nikauacha nusu saa uvimbe. Nilifanya kila ulichosema. Kisha nikaingia, nikafungua zipu yote mpaka magotini. Nilitaka kuisikia ile baridi aliyoisikia yeye. Kitu gani kingine nimebakiwa nacho cha kugawana naye? Ilianza kwenye vifundo, ikapanda mapajani, nikashukuru. Nikamwambia, mwanangu, nakuja, nakaa na wewe mpaka kuche.

Usingizi ukanipitia. Nilipoamka jua lilikuwa nje. Barafu ilikuwa imelipaka hema kwa ndani, maji ya kwenye chupa yameganda, na mimi nimejikunja, zipu imefungwa mpaka kidevuni, kofia imevutwa usoni. Sikuifunga mimi, Ryohei. Mikono ndiyo iliyofunga. Mwili hauna haya, unajifunika hata ukiukataza. Na mwili wake ulijifunika hivyo hivyo, haukukuta kitu cha kujifunika, ulikuta mabonge ya mrujuani.

Nililia mpaka yule mzee akaja mbio. Nilikuwa nimekalia godoro lako, nimeushika mfuko wako kwa mkono mmoja. Kilo moja na gramu mia mbili, na paka ana uzito zaidi. Kweli ulisema. Hicho ndicho kilichokosekana, kitu ninachoweza kukibeba kwa mkono mmoja.

Mwaka mpya usije nyumbani kwangu. Mlete Hinako mpaka stesheni ya hapa, nitamchukua, na mama yake akitaka. Wewe usije. Hasira sina, ningekuwa nayo ingenisaidia. Ila tukikaa mezani mimi na wewe, kila mmoja atakuwa anamtazama mwenzake anavyotafuna.

Mfuko wa Soichi nirudishie. Usiufue.

Uliniuliza jambo moja, nakujibu. Safari hii umechagua vizuri. Sikusikia baridi.

Shangazi yako,
Fusae